Masika ya Dada Damu

Jumatatu, 2 Machi

Masika yameanza. Paa la maabara linavuja palepale pa kila mwaka, juu ya meza ya darubini, kwa hiyo nimesogeza meza na kutega beseni. Friji lina chupa mbili za damu, na moja inakwisha muda wiki hii. Asubuhi nimebishana na ukoo mzima wa mzee mmoja anayengoja upasuaji. Wajomba, mashangazi, watoto wa kaka, wote wamekuja na chupa za chai, hakuna aliyekuja na mkono. Ukiwaambia mgonjwa wenu anahitaji damu, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mpwa wake mmoja, kijana mwenye shingo kama gogo, aliniambia damu yake inamtosha yeye mwenyewe tu. Niko kwenye kazi hii tangu usichana wangu na jibu hilo bado linanikera kama nalisikia kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 5 Machi

Kituo cha damu cha kanda kimetuletea mtu. Mganga Mkuu alituita ukumbini akamtambulisha. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, kavaa viatu vyekundu vya mvua, anacheka kabla hujamaliza kusema. Kazi yake ni kutafuta watu wa kuchangia damu kwa hiari, mgonjwa akiwa bado hajatokea, ili tuache kuwakaba ndugu mlangoni. Tena anataka tuwe na kikosi cha watu wa jirani, ambao barabara ikikatika wanaitwa kwa simu wanakuja kwa miguu.

Mganga Mkuu akapiga makofi. Wazo hilo nimelisema kwenye vikao mpaka ulimi ukaota sugu, nikajibiwa tutaliangalia. Leo limekuja limevaa viatu vyekundu na limepigiwa makofi.

Baadaye alinifuata. "Dada, nimeambiwa wewe ndiye mwenye friji."

"Friji ni la serikali," nikamwambia.

Mkunga, shoga yangu, alijifanya anakohoa.

Ijumaa, 6 Machi

Amepewa gari la kuzunguka nalo. Dereva wa gari hilo ni mume wangu.

Jumatano, 11 Machi

Wametoka asubuhi kwenda kwenye karakana za mbao, wamerudi jioni na sanduku la barafu limejaa chupa. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilipaswa kufurahi. Nilizipanga kwenye friji moja moja, na kila nilipoweka chupa nilihisi mtu ananikanyaga kidole cha mguu.

Tayari wanamwita Dada Damu. Wagonjwa, wafagiaji, mpaka mlinzi. Mimi miaka yote hii ni "yule wa maabara".

Nyumbani mume wangu alimsimulia mama mkwe wakati wa chakula. "Mama, yule akiongea, hata ukuta utanyoosha mkono." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa napakua wali. Niliupakua kwa nguvu kidogo.

Alhamisi, 12 Machi

Mume wangu amepiga pasi shati. Yeye mwenyewe.

Jumanne, 17 Machi

Lazima niandike hili, la sivyo litanikaba.

Leo mume wangu alipovua shati niliona plasta kwenye mkunjo wa mkono. Nikamuuliza ameumia wapi. Akasema, bila kunitazama, "Nimechangia."

Ngoja nieleze kama namwambia mtu asiyetujua. Huyu ni mwanamume ambaye nimemwomba achangie damu mwaka hadi mwaka. Nimemwomba kwa upole, nimemwomba kwa ukali, nimemwomba siku tulipoishiwa damu kabisa, mtoto amelala wodini anahema kama kifaranga. Kila mara ni sindano, anaogopa sindano, akiona sindano miguu inamwisha nguvu. Nikamsamehe. Nikawa hata namtania mbele ya watu.

Leo sindano haikumtisha. Ilikuwa mbele ya viatu vyekundu.

"Ulianguka?" nikamuuliza.

"Kidogo. Dada Damu alinishika bega."

Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha, nani angeanika nguo?

Jumamosi, 21 Machi

Shoga yangu mkunga ananiambia niache upuuzi. Anasema Dada Damu anamwita mume wangu "shemeji" na anakaa siti ya nyuma na masanduku yake. Nikamuuliza yeye amejuaje anakaa siti ipi. Akasema, "Shoga, hospitali nzima inajua, kwa sababu hospitali nzima inakuona ukichungulia dirishani."

Jumanne, 24 Machi

Leo Dada Damu aliwaalika watu waje kuchangia hapa hapa hospitalini. Walifika mapema, wakajipanga kwenye ukumbi mdogo wa mbele ya maabara, ambao paa lake ni nusu. Nilikuwa ndani. Ningeweza kuwafungulia. Badala yake nikaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi, nikapangusa na darubini, nikahesabu glavu. Mvua ikaongeza kasi. Nilisikia wanavyosogeleana. Dada Damu aligonga: "Dada, watu wanalowa." Nikamjibu usafi wa maabara hauna haraka.

Nilipofungua, watu wawili walikuwa wameshaondoka. Mmoja ni mwanamke wa duka la vitambaa, namjua, nilishampima zamani alipokuwa mjamzito. Kundi O, mwenye afya ya chuma.

Dada Damu hakunisema. Alikamua maji kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuwachekesha waliobaki. Ningependa angenisema.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Kulikuwa na watu wamejazana penye kibanda cha mashine ya kusaga, na sauti niliijua. Nikasimama nyuma ya magunia.

Dada Damu alikuwa anasimulia. Alisema kulikuwa na mwanamume mmoja, mtu mzuri, anampenda mkewe. Mke akajifungua mtoto wa pili, damu ikawa haikatiki. Wauguzi wakamwambia mume, haraka, tukupime. Akaona sindano, akasema anakwenda chooni, akapitia mlango wa nyuma. Alikimbia mpaka akafika kwenye kituo cha mafuta, akakaa chini nyuma ya pampu akilia. Aliporudi, mfagiaji wa wodi alikuwa ameshatoa damu yake, na mke yuko hai. Mke hakuulizwa kitu na hakuambiwa kitu. Anajua tu kwamba kuna mtu alimpa damu. Mume ameishi na jambo hilo, kila mkewe akimwomba achangie anasema naogopa sindano, na kweli anaogopa, lakini sindano si kitu. Anaogopa kukaa kwenye kiti kile mbele ya mke yuleyule.

Kisha mwuza ndizi akanyoosha mkono, na baada yake wengine.

Mtoto wangu wa pili. Mlango wa nyuma wa wodi ile, naujua, una kitasa kibovu. Nilikuwa nimelala upande huu wa ukuta.

Vitunguu sikununua.

Jumapili, 5 Aprili

Nilimngoja mama mkwe aende kanisani, nikamwambia mume wangu akae.

"Kituo cha mafuta," nikasema.

Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Hakukana. Alisema alimwambia Dada Damu siku gari lilipokwama kwenye tope, wakingoja trekta. Dada Damu alimuuliza kwa nini yeye hachangii, naye akajikuta anasema. Kisha Dada Damu akamwomba ruhusa ya kulisimulia bila jina, akakubali.

"Ukampa ruhusa ya kuuambia umati wa sokoni kabla ya kuniambia mimi."

"Kwake ilikuwa rahisi," alisema. "Yeye hakuwa amelala pale kitandani."

Kukimbia nimemsamehe hapohapo, nikashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Watu huogopa, nawaona kila siku. Kinachonichoma ni kingine. Nimeolewa na mtu huyu, nimemfulia, nimemuuguza, najua meno yake mabovu yako upande gani. Lile jambo moja lililokuwa langu, lililotoka kwenye mwili wangu, alimpa mwanamke mwingine kwenye tope. Afadhali angempa busu. Busu ningejua la kufanya nalo.

Jumatatu, 13 Aprili

Daraja limekwenda. Mto umelibeba lote asubuhi, pamoja na nguzo ya umeme. Sampuli za damu haziwezi tena kwenda kupimwa kwenye kituo cha kanda, na damu iliyopimwa haiwezi kuja. Nina vipimo vya haraka vya dharura kwenye kabati, si vingi. Dada Damu naye amekwama upande wetu. Anatabasamu hata kwa hilo.

Alhamisi, 16 Aprili

Chupa za kundi O zimekwisha. Ajali ya pikipiki. Kijana amepona.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekaa kwenye ngazi za maabara, mvua imetulia kidogo. Niandike kama ilivyokuwa.

Mchana waliletwa mama mmoja na mtoto wake mchanga, wamebebwa kwenye mlango ulioondolewa kwenye bawaba. Alijifungulia nyumbani, na damu haikatiki. Mkunga alipofunua kanga alisema neno moja tu, jina la Mungu, akaanza kusukuma tumbo kwa ngumi. Nikapima kundi: O. Friji halina O. Mganga Mkuu akaniangalia, nikatikisa kichwa. Mimi ni kundi B, simfai. Mume wangu A. Dada Damu ni O, lakini alichangia juzijuzi mbele ya wanafunzi kuwatia moyo, na nilipompima wingi wa damu ulikuwa chini. Nikamkatalia.

Alishaanza kupiga simu. Wa kwanza kufika, karibu anakimbia, suruali imelowa mpaka magotini, ni mmoja wa wale wa kikosi chake. Sitamtaja hapa hata kwa kazi yake. Nikamtoa damu, nikachukua ya kupima, nikaweka vipimo mezani.

Mganga Mkuu akaja mlangoni. "Chupa iko tayari?"

"Imejaa. Haijapimwa."

"Shinikizo lake la damu linashuka. Uamuzi ni mgumu, najua. Niambie unaona nini."

Dada Damu alikuwa nyuma yake. "Daktari, huyu namjua. Nimekula kwake. Ana mke mmoja, hanywi, ni mtu safi kabisa. Tumpe mama sasa."

"Damu hainywi pombe wala haina mke," nikasema. "Nipeni dakika za kipimo."

Akanisogelea. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Dada, hii si damu. Hii ni mimi. Tangu nilipofika hujanipenda, uliwaacha watu wangu kwenye mvua, sasa unataka kumwacha huyu mama naye. Usimuue mtu kwa ajili yangu."

Mkunga alisikia. Muuguzi alisikia. Mume wangu, aliyekuwa ameleta mtungi wa oksijeni, alisikia.

Naandika ukweli: sikuwa na uhakika kwamba anakosea. Nilikuwa nimeshika chupa ya damu yenye joto la mtu, na sikujua kama mkono uliokataa kuiachia ni wa mtaalamu au wa mwanamke mwenye wivu. Niliiweka chini. Nikamwambia Mganga Mkuu, "Ukiamuru, nitatoa. Lakini ngoja."

Akafikiri. "Mpeni maji ya dripu, endeleeni kukandamiza. Tunangoja."

Nikaangalia kipimo cha UKIMWI, safi. Kaswende, safi. Cha homa ya ini kilikaa, kikakaa, halafu mstari wa pili, ule wa ugonjwa, ukaanza kujitokeza, hafifu kama unywele, kisha wazi. Nikarudia kwa kipimo kingine. Uleule.

Nilimwonyesha Dada Damu. Aliangalia, akakaa kwenye kiti cha wachangiaji kana kwamba zamu yake imefika.

Nilitegemea kusikia raha. Haikuja. Kulikuwa na mama pale ndani na sasa hatukuwa na chupa kabisa.

"Nani mwingine?" nikamuuliza.

"Yule wa duka la vitambaa ndiye wa karibu." Alipiga akanipa simu, akasema, "Atakusikiliza wewe." Hakunisikiliza. Alisema, taratibu kabisa, "Siku ile mlinifungia mlango nikalowa na homa ikanishika wiki nzima. Leo mna shida?" Akakata. Nikamrudishia Dada Damu simu yake.

Hapo mkunga akaniambia kaka wa mgonjwa yupo, seremala, ndiye aliyeubeba ule mlango. Nikatoka kumtafuta. Alikuwa ameshafika getini. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa na mwenzake, haraka lakini si sana, na niliujua mwendo huo bila kuwahi kuuona.

Mume wangu alikuwa amesimama naye. Hakumshika. Nilisimama chini ya ukuta, na mume wangu aliniona, akaendelea kusema huku ananitazama mimi.

"Mimi nilifika kituo cha mafuta," alikuwa anasema. "Pale mbele, unaliona bango lake. Nilikaa nyuma ya pampu. Mke wangu yule pale, muulize. Ndiye aliyekuwa anatoka damu. Ukitoka hapa hakuna atakayekufuata, ndugu yangu, na ndilo baya lake. Utafika na hakuna mtu. Mimi sindano inaniangusha mpaka leo. Twende, nitakaa na wewe, tukianguka tunaanguka wote."

Seremala aliniangalia. Sijui aliona nini. Akasema, "Kwani inachukua muda?"

Alikuwa O. Alilala kwenye kiti amefumba macho, mume wangu kamshika mkono mmoja naye kageuzia uso ukutani, wanaume wawili wazima wamekunja nyuso kama wanang'olewa meno. Kila kipimo kilibaki na mstari mmoja, safi. Nikapatanisha damu yake na ya dada yake, zikakubaliana. Niliipeleka chupa wodini mwenyewe. Wakati huo mwuza ndizi wa sokoni alikuwa ameshafika na mikono yake mikubwa, naye O, naye safi.

Jioni mama alifungua macho akauliza kama mtoto amekula. Mkunga akatoka nje, akaketi kwenye beseni lililogeuzwa, akalia kwa sauti.

Jumapili, 19 Aprili

Asubuhi mume wangu alinichemshia chai. Haikuwa na sukari, alisahau. Nimeinywa yote.

Jumanne, 21 Aprili

Yule mchangiaji wa kwanza alipaswa kuambiwa majibu. Dada Damu alikuja maabara akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kwa jirani.

"Siwezi, dada," alisema. "Mimi najua kuwaambia watu waje. Hili la kuwaambia wasirudi sijawahi. Atanichukia."

Kwa hiyo hicho ndicho asichoweza. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ana kucha zilizotafunwa mpaka nyama.

Nikamwita yule mtu ndani, nikafunga mlango, nikamweleza. Homa ya ini, watu wengi wanaishi nayo, aende apimwe zaidi, mke na watoto wapimwe wachanjwe, na chombo chake cha kula kibaki chombo chake cha kawaida, asitengwe. Nikamwambia siri hii itakaa humu ndani. Alilia kidogo. Kisha akauliza kama bado anaweza kusaidia kikosi. Dada Damu, aliyekuwa amekaa nasi humo ndani, akasema, "Nahitaji mtu wa kupiga simu." Yule mtu akafuta uso akakubali.

Alipotoka, Dada Damu akaniambia, "Samahani kwa nilivyosema siku ile."

"Ulisema kweli nusu," nikamjibu. "Wale wa mvua ni kosa langu. Kipimo si kosa langu."

"Na hadithi ya sokoni?"

"Hiyo ilikuwa yangu," nikasema. "Ungeniuliza."

Akakubali kwa kichwa. Hatukukumbatiana wala nini. Alinisaidia kumwaga maji ya beseni.

Jumatano, 29 Aprili

Nimekwenda kwenye duka la vitambaa kuomba radhi. Yule mwanamke alinisikiliza huku anapima kitambaa cha mteja. Aliniambia atafikiri. Nikanunua mita mbili ambazo sizihitaji.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua inapungua. Friji lina damu ya makundi yote. Leo nimelifungua mara kadhaa bila sababu, kuangalia tu.

Jumatano, 20 Mei

Wanajeshi wameweka daraja la chuma. Kituo cha kanda kimempangia Dada Damu wilaya nyingine, ng'ambo ya mto. Aliniachia kikosi chake mikononi. Nilimwambia sina maneno ya sokoni. Akasema, "Waambie tu unachofanya na kile kipimo. Mimi watu huwachekesha. Wewe watakuamini."

Nimekwenda sokoni. Nimeongea vibaya, kwa haraka, nikatazama magunia muda wote. Watu watatu walinyoosha mikono. Mmoja alikuwa anajikuna tu, lakini wawili wamekuja.

Ijumaa, 22 Mei

Mume wangu alimpeleka Dada Damu leo. Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia pasi shati, akanishangaa. Amerudi saa ya chakula na habari zote. Anasema wamepokelewa kwa vigelegele, na mganga wa kule ameshapiga makofi kabla Dada Damu hajasema neno.

"Na mtu wa maabara?" nikamuuliza. "Yupoje?"

"Mama mmoja mnene. Alisimama dirishani amekunja mikono, anamkodolea Dada Damu kama anataka kumpima homa ya ini kwa macho." Akasita, akanitazama kwa pembeni kuona kama nitakasirika.

Nikacheka. Kisha nikaweka kijiko chini. Akilini nilimwona mama huyo, kesho asubuhi, mlango wake unagongwa, sauti ile inamwambia dada, nimeambiwa wewe ndiye mwenye friji. Na hajui. Atakunja uso, atapangusa meza iliyo safi, na yeye ndiye atakayekuwa na Dada Damu kila siku, msimu mzima.

Nikagundua kwamba namwonea wivu.